Kumkumbuka mvuvi mwenzio kwa mshipi wake

Kama rafiki yako marehemu mlikuwa mkivua naye mshipi, omba kwao mshipi wake kabla haujatupwa. Nailoni iliyokaa juani hukatika, kwa hiyo badilisha uzi na ndoana; bakisha chubwi lake (kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi) na kibao alichouzungushia. Nenda ukauvulie pamoja na wenzako siku za maji mafu (bahari inapojaa na kupwa kidogo), kama wiki moja baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mkondo huwa mdogo, chubwi linafika chini bila kuburutwa, na mnapata nafasi ya kumzungumza. Mwanawe akitaka, mchukueni (asilazimishwe, kuna watu bahari huwatapisha hata kukiwa shwari). Changu wa kwanza mpelekeeni mjane, mkiwa mmeshampara magamba.