Mti mzee mpakani: mambo ya kumaliza kabla ya kuita msumeno

Anzeni na shina, matawi baadaye. Kwa kawaida mti huhesabiwa wa yule ambaye shina limeota kwake, hata kivuli chote kikiangukia kwa jirani. Vuteni kamba iliyokazwa kutoka bikoni (alama ya mpaka iliyowekwa ardhini) hadi bikoni, ipite chini kabisa. Shina lililoinama hudanganya ukipima kwa juu. Kamba ikipita katikati ya shina, mti ni wenu wote na hakuna wa kuukata peke yake. Bikoni zimepotea? Aitwe mpima. Uzio si ushahidi, huenda ulijengwa tu pale palipokuwa rahisi kuchimba.

Kisha mwulize jirani kinachomkera hasa. Mara nyingi ni tawi moja juu ya paa, na kupogoa kunatosha. Tawi nene hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unatoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke. Wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio kwenye maungio. Ukiruka mkato wa kwanza, tawi huanguka likichuna gome la shina, na kidonda hicho huingiza uozo. Mti mzee usinyang'anywe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja; hata robo ni nyingi.

Mizizi inahitaji adabu zaidi. Pima kipenyo cha shina kwenye usawa wa kifua, zidisha kwa 12: shina la sentimita 50 lisichimbiwe mtaro ndani ya mita 6. Ukikata hapo, upepo utamaliza kazi.

Hatari ya kweli ni uyoga kwenye kitako cha shina, ufa mpya, au udongo unaoinuka upande mmoja. Mti ulioinama tangu zamani, kilele kikajinyoosha kuelekea juu, si wa kuogopwa kama ulioanza kuinama juzi.

Mkikubaliana uondoke, ulizeni kwanza kama kibali kinahitajika. Andikeni nani analipa, kuni za nani, nani anatengeneza uzio ukivunjika, na kisiki kitang'olewa au kitaachwa. Kisiki ndicho husahaulika: miti mingi huchipua upya, na ugomvi nao.