Kuondoa vumbi kwenye sensa ya kamera bila kuikwaruza

Doa la kijivu linalojirudia mahali palepale kwenye anga la kila picha, hata baada ya kubadilisha lenzi, ni vumbi lililotua kwenye sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Anayepiga picha Serengeti wakati wa kiangazi na kubadilisha lenzi ndani ya gari lililofunguliwa paa hulijua vizuri.

Kwanza hakikisha. Weka tundu la lenzi kwenye f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo) na wepesi wa kunasa mwanga, yaani ISO, kwenye 100, vuruga fokasi kabisa, kisha piga picha ya karatasi nyeupe. Doa ambalo kwenye f/4 halikuonekana litajitokeza, kwa kuwa tundu likiwa dogo kivuli cha chembe hukolea. Kumbuka kwamba taswira huangukia kwenye sensa ikiwa imepinduliwa: doa la juu kushoto katika picha utalikuta chini kushoto ukiitazama sensa kupitia mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapofungwa.

Pili, chaji betri ijae. Kwenye kamera yenye kioo cha ndani, chagua kwenye menyu hali ya kusafisha sensa ili kioo kiinuke na pazia lililo mbele ya sensa lifunguke. Betri ikizimika katikati ya kazi, vyote viwili vitaushukia mkono wako.

Tatu, ondoa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini na upulizie kwa pampu ya mpira, bila kuiingiza ncha yake ndani. Usitumie hewa ya kopo, kwani hurusha majimaji yake, wala usipulize kwa mdomo. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Mate yakakauka yakawa viduara ambavyo pampu haikuvigusa.

Vumbi likigoma, chukua kijiti kipya cha kusafishia chenye upana unaolingana na upande mfupi wa sensa, yaani milimita 24 kwa sensa ya 36 kwa 24. Kidondoshee matone mawili ya dawa yake, usubiri yanyonywe, kisha ukivute mara moja toka ukingo hadi ukingo, ukigeuze, urudi kwa upande wake wa pili. Kikishatumika kitupwe.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, pamba ya masikioni na spiriti ya dukani havifai?
Havifai, ndugu yangu. Pamba huacha nyuzi, na spiriti hiyo ikikauka inaweza kuacha utando mbaya kuliko vumbi lenyewe. Unachogusa ni kioo cha kichujio kilichoifunika sensa, nacho hukwaruzika.

Kamera yangu haina kioo cha ndani. Hatua ni zilezile?
Ni zilezile, ila hakikisha pazia halijafunga, kwa maana baadhi ya kamera hulifunga zikizimwa, nalo ni jembamba mno kuguswa. Sensa yenye kutuliza mtikisiko huchezacheza, usiikandamize.

Nimesafisha mara tatu, doa moja limebaki pembeni. Niendelee?
Piga tena kwa f/8. Lisipoonekana, liache.