Kabichi hujikaza kwa baridi, kiazi hakijui: ushauri kwa wakulima wa vinyungu, mashamba ya bondeni yenye unyevu

Mwezi wa Juni au Julai, mkulima wa Njombe au Makete anaweza kulala shamba likiwa kijani na kuamka akakuta viazi vimeungua kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Kabichi za jirani, hatua chache kutoka hapo, zimelegea asubuhi, lakini jua likipanda zinasimama tena. Baridi ni ile ile. Tofauti imo ndani ya mmea.

Joto linaposhuka, utando wa seli hukakamaa na kalsiamu huingia ndani ya seli. Hiyo ndiyo kengele. Miongoni mwa wanaoiitikia ni vimeng'enya viitwavyo kinasi, ambavyo hubandika fosfeti (kipande kidogo chenye fosforasi) kwenye protini nyingine na hivyo kuiwasha, kuizima au kuikinga isivunjwe. Katika arabidopsisi, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi ambao wanasayansi wameuchunguza sana, kinasi ya OST1 huibandika fosfeti protini ya ICE1. ICE1 ikishabandikwa haivunjwi upesi, nayo huamsha jeni za kundi la CBF, na mmea huanza kulimbikiza sukari na protini za kuzilinda seli; huko ndiko kujikaza. OST1 hiyo hiyo husaidia kufunga vitundu vya majani wakati wa ukame. Zipo pia kinasi za breki, MPK3 na MPK6, ambazo huibandika ICE1 ili ivunjwe. Breki hizo zina maana yake: mmea uliojikaza haukui haraka.

Kwa mkulima, jambo kubwa hapo ni muda. Kengele hulia ndani ya dakika chache, lakini kujikaza kwenyewe huhitaji siku kadhaa za ubaridi wa wastani. Ndiyo maana miche ya kabichi iliyolelewa kwenye kivuli na joto huumia ikihamishiwa bondeni ghafla. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha, ondoa kivuli hatua kwa hatua, punguza maji, na usiiwekee mbolea ya kukuzia. Naitrojeni nyingi wakati huo huleta majani laini, na majani laini ndiyo baridi huyala kwanza.

Viazi mviringo ni habari nyingine. Kiazi tunacholima karibu hakina uwezo wa kujikaza. Majani yake hufa joto likifika nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Ndugu yake wa porini huko Amerika Kusini, Solanum commersonii, anao uwezo huo, lakini haumo katika mbegu tunayopanda. Kiazi basi tukilinde kwa mahali na kwa majira.

Hapa nawasihi wenzangu wa vinyungu. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni, palepale kwenye unyevu tunaoutafuta. Katika miezi ya sakitu (umande unaoganda kwa baridi), chini kabisa panda kabichi au vitunguu, na viazi viweke juu kidogo, kwenye mteremko. Usipande kichaka au uzio mzito upande wa chini wa shamba, maana utaziba njia ya hewa hiyo kutoka.

Ukiona jioni inaelekea kuwa na anga safi na utulivu, udongo uwe umeshanyweshwa tangu asubuhi. Udongo wenye unyevu hushika joto la jua na kulitoa usiku. Mkavu hauna cha kutoa. Matandazo ya nyasi, ambayo kwa kawaida tunayasifu, huzuia joto hilo lisipande hadi kwenye majani, kwa hiyo yasogeze pembeni kwa wiki hizo. Kitalu kifunike kwa nyasi juu ya chanja kabla jua halijazama, na ukifunue asubuhi.

Viazi vikishaungua, usiving'oe siku hiyo. Kama tuta lilipandishwa vizuri, macho ya shina yaliyo chini ya udongo huwa hai. Subiri wiki moja hadi mbili uone machipukizi, ndipo uamue kuweka mbolea au kulima upya.