Kabla hujatoa pesa: jinsi ya kujua maji ya mafuriko yalifika wapi

Mimi ni fundi muashi. Kazi nyingi ninazoitiwa katika miji ya pwani ni za nyumba zilizoingiwa na maji, na wenyewe karibu wote husema hawakujua. Inaniuma, kwa sababu mafuriko huacha alama ambazo yeyote anaweza kuzisoma kabla hajalipia nyumba.

Anza na watu. Usiulize "hapa panafurika?" kwani wengi watakataa, wakihofia bei ya nyumba zao kushuka. Mtafute mpangaji wa siku nyingi, umuulize: "Ile mvua kubwa, maji yalikufika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, gotini au dirishani. Muulize pia yalitokea upande gani, na yalikaa muda gani. Maji yanayopanda kupitia chooni ni tatizo jingine kabisa na maji ya mto.

Kisha chuchumaa. Tazama miguu ya fremu za milango na sehemu ya chini ya geti: mbao zilizooza na kutu vikiishia usawa mmoja nyumba nzima, maji yalituama hapo. Chungulia nyuma ya makabati ya jikoni, maana brashi ya mpaka rangi haifiki huko. Chumvi nyeupe ukutani peke yake isikutishe, huenda ni unyevu wa ardhini tu. Ila ukiona majirani wameinua vizingiti kwa matofali na kupandisha soketi hadi kifuani, amini. Hakuna anayegharamia hayo bure.

Ukipata alama ya kuaminika kwa jirani, ihamishie kwako kwa mpira wa maji. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, na utoe mapovu yote. Povu moja likibaki, kipimo kimeharibika. Mmoja ashike ncha kwenye alama ya jirani, wewe shika nyingine kwenye ukuta wako, zote zikiwa wazi. Pandisheni na kushusha taratibu hadi maji ya upande wake yagote alama. Yakitulia, usawa unaouona kwako ndio yalipofika maji yale. Piga mstari wa penseli, kisha pima hadi sakafuni. Kipimo hiki kinafaa pale maji yalipotuama, si yalipopita kwa kasi kwenye mteremko. Urefu unaoonyeshwa na simu achana nao, unaweza kukosea kwa mita kadhaa, na sisi hapa tunahesabu sentimita.

Pwani kuna jambo la ziada. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida, na maji yakijaa sana bahari humeza midomo ya mitaro. Mvua ikinyesha saa hizo, maji hayana pa kwenda. Kwa hiyo nenda kwenye mdomo wa mtaro siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, saa ya maji kujaa, hata kama ni kiangazi. Ukiona maji ya bahari yanarudi ndani ya mtaro, umeshapata jibu. Ukienda wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, utadanganyika.

Wala usichukulie alama ya zamani kuwa ndio mwisho. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda wastani wa sentimita 20 hivi, na mahali kama Jakarta, Indonesia, ardhi yenyewe inazama kwa kunyonywa maji yaliyo chini yake. Muuzaji akikwambia "yale yalikuwa mafuriko ya miaka 100, hayarudi," mjibu kwa hesabu: maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 30 unafika karibu mara moja kati ya nne.

Mimi nikijenga huweka sakafu nusu mita juu ya alama. Kama nyumba imeshajengwa chini yake na huna budi kukaa, pandisha soketi zote juu ya mstari wako wa penseli, na bomba liendalo kwenye mfereji wa majitaka lifungiwe valvu ya kuzuia maji kurudi.