Namna ya kufungua masanduku ya marehemu: mfano wa Baby Doe Tabor

Machi 1935 Elizabeth Tabor, maarufu kama Baby Doe, alikutwa amekufa, mwili umeganda kwa baridi, kwenye kibanda cha mgodi wa Matchless mjini Leadville, jimbo la Colorado, Marekani. Mumewe Horace alitajirika kwa madini ya fedha, akafilisika baada ya bei kuporomoka mwaka 1893. Watu walikivamia kibanda kutafuta hazina. Kilichosalimika zaidi ni masanduku aliyokuwa ameyaweka kwingine. Gauni lake la harusi ya 1883 na karatasi zake vimehifadhiwa na History Colorado, taasisi ya historia ya jimbo hilo.

Kwa hiyo kazi huanza na kufuli. Funga nyumba, andika nani ana ufunguo, ndipo uguse sanduku.

Piga picha kila tabaka kabla ya kuinua chochote. Namba iandikwe kwa penseli, maana wino huvuja: 3.2.7 ni sanduku la tatu, tabaka la pili, kitu cha saba.

Gauni ndilo linaloharibiwa haraka. Hariri nyingi za miaka ile zilitiwa chumvi za bati ili ziwe nzito, na zikizeeka hukatika penye mikunjo. Usilitundike, usilifue, wala usilinyooshe kwa nguvu. Watu wawili walihamishe likiwa juu ya ubao, kisha mikunjo ijazwe karatasi laini isiyo na asidi.

Sufu na manyoya yenye dalili za nondo: funga ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukitoa, subiri saa 24 kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utaingia kwenye kitambaa. Picha za zamani zilizo kwenye bamba la kioo zisiingie kwenye friza kabisa.

Karatasi zina hatari yake, hasa zile zinazoonekana takataka. Baby Doe aliandika ndoto na maono yake kwenye vipande vya karatasi. Msafishaji mwenye haraka angevichoma vyote. Usitupe kitu, wala usipange upya kwa kuangalia kilicho muhimu: kipande kisicho na tarehe hujulikana umri wake kwa jirani yake kwenye furushi. Chomoa pini zenye kutu. Vipande vya magazeti vitenge, vikiwa na namba zilezile, kwani asidi yake huchafua barua iliyolala chini.