Krismasi Kisumu ukiwa mgeni: jipange kabla mji haujahama

Kama ni kazi imekuleta Kisumu, uwe Mtanzania, Mkongo, Mjerumani ama umetoka India juzi, na hii ndio Disemba yako ya kwanza, jua mapema kwamba mji utahama ukuache. Kuanzia tarehe 20 hivi watu wanaenda ushago, yaani nyumbani kwao kijijini, Siaya, Bondo, Vihiga, Kakamega, Homa Bay, na kufika tarehe 24 jioni jirani hayuko, wenzako wa ofisi hawako, mama mboga hayuko, hata kinyozi amefunga. Mimi hufundisha wageni Kiswahili hapa na kila Januari nasikia hadithi ile ile, mtu alikaa mtaa wa Milimani nyuma ya geti siku tano mzima, jua linawaka nyuzi 30, akipigia watu wa kwao simu za video na kulia. Inaniuma kwa sababu mara nyingi alikuwa amealikwa na hakujua.

Hapa hutatumiwa kadi. Mwenzako atakuambia tu mkitoka lanchi, "si ukuje kwetu Krismasi," halafu aendelee na stori zingine, na wewe unadhani ni maneno ya heshima tu. Huo ndio mwaliko wenyewe. Mjibu hapo hapo, "nakuja, tunatoka lini?" na umkumbushe tena mwisho wa Novemba, kwa maana kule nyumbani mama anahesabu vichwa ndio ajue kuku wangapi na nani atalala wapi. Na kama hakuna aliyekuambia kitu, sema wewe, bila aibu: "Krismasi hii niko pekee yangu." Huku kwetu mgeni kula Krismasi peke yake ni aibu ya wenyeji, utaona vile watu watakugombania.

Kabla uende maliza mambo ya nyumba. Dada anayekusaidia kazi naye ana watoto wanamngoja, kwa hivyo mwachilie mapema, mlipe mshahara wa Disemba kabla aondoke, na pesa ya Krismasi iwe juu ya mshahara, usiikate ndani yake. Muulize kama angetaka sehemu ya mshahara umtumie kwa M-Pesa Januari, kwa sababu Januari ni ndefu na fii za shule zinangoja hapo hapo. Soja wa geti atakaa Krismasi nzima akilinda nyumba yako, huyo usimsahau. Nunua tokeni za stima za kutosha na chomoa friji na tivii kama utakaa siku nyingi, mvua ya jioni hapa huja na radi.

Usafiri sasa. Magari ya kutoka Nairobi kuja huku wiki ile hujaa na nauli inapanda vibaya, mara nyingine mara mbili, na baada ya mwaka mpya inageuka, kila mtu anarudi Nairobi. Kwa hivyo ukitaka kushuka Nairobi tarehe 22 siti zipo, shida ni kurudi Kisumu kabla ya Krismasi, hiyo tikiti kata mapema kabisa. Kwenda ushago hapa karibu toka asubuhi na mwenyeji wako, usiseme utajipeleka jioni, matatu zinajaza watu kupita kiasi na boda za usiku barabara ya murram, ile ya udongo bila lami, sikushauri.

Na sasa zawadi, hapa ndio wageni wengi wanakosea kwa roho safi kabisa. Kuna mwanafunzi wangu alibeba chupa mbili za divai nzuri akapeleka kwa familia ya Wasabato. Walipokea kwa upole, wakaziweka kando, na siku nzima yeye akashangaa mbona hazifunguliwi. Uliza kwanza, "kwenu mnaabudu wapi?" kwa sababu Wasabato ni wengi sana Nyanza, pombe hapana, nguruwe hapana, na kambare pia hawali. Zawadi yenye haikosei ni shopping ya jikoni: sukari, majani chai, mafuta ya kupika, mchele, mkate, na unga wa ngano, huo unga leta pakiti nyingi maana Krismasi bila chapati kwa watoto si Krismasi. Mpe mama mkononi. Ukimwongezea leso, yaani kanga, atakukumbuka miaka. Pesa za watoto usigawe uani, mpe mwenyeji anunue soda.

Ukifika salimia wazee kwanza, mmoja mmoja kwa mkono, kwa Waluo jifunze "oyawore" ya asubuhi na "erokamano" ya kushukuru, kwa Waluhya "mulembe" inatosha. Kula kidogo kidogo kwa sababu utaalikwa nyumba tatu siku moja na kila moja wamepika. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye boma, usiichukue kwenye sahani mpaka upewe. Picha uliza kwanza. Usiku lala ndani ya neti, huku kwa ziwa malaria ni mwaka mzima, na ukirudi ng'ambo Januari homa ikushike mwambie daktari ulikuwa wapi.

Kama lazima ubaki mjini, basi Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi enda soko la Kibuye ununue matunda na tawi la saipresi upambe nyumba, na asubuhi ya tarehe 24 shuka Dunga, pale ufuoni kwa wavuvi, mapema boti zikiingia. Chagua ngege, yaani tilapia, mwenye matamvua mekundu na macho angavu, waambie wakutolee magamba, nyumbani mkaange mzima halafu umchemshe na nyanya, dania na vitunguu, ugali wa mtama kando. Boti ukipanda itisha laifu jaketi, usiingie majini kwa miguu kwa sababu ya kichocho, na jua likishuka toka kando ya ziwa, viboko hutoka kula nyasi saa hizo.

Siku ya kutoka ushago utapewa kuku mzima amefungwa miguu, ama mkungu wa ndizi, ama njugu. Usikatae, hata kama hujui utampeleka wapi huyo kuku. Shukuru, mbebe, na ukifika Kisumu piga simu kabla hujavua viatu, sema "mama, tumefika," kwa sababu huko hawajalala, wanangoja hiyo simu.