Ulaya kwa Mara ya Kwanza na Rafiki: Hesabuni Mtalala Wapi Kabla ya Kugusa Fomu

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja na shoga yake, daftari limejaa miji tisa kwa siku kumi. Sita nikaipiga mstari. Tuliendelea hivi.

1. Miji mitatu, njia moja ya treni. Wao wamechagua Amsterdam, Brussels na Paris. Ingilieni mji mmoja, tokeeni mwingine. London iacheni: Uingereza ina viza yake na ada yake.

2. Viza. Kaeni chini, hapa ndipo nilipochomeka.

Mimi na mwenzangu tulipanga kulala Paris siku 3, Amsterdam siku 3, Brussels siku 2, ndege itue Amsterdam. Tukapeleka mafaili ubalozi wa Ufaransa, kumbe sipo tulipotakiwa. Dirishani mtu akahesabu kwa kidole, akaturudishia makaratasi yote. Miadi nyingine tuliisubiri wiki tatu.

Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29 za Ulaya, lakini mnaiomba kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, mnaomba kwenye nchi mtakayoingia kwanza. Kwetu ilikuwa Uholanzi, na sisi akili yote iko Paris! Siku zikitoka sare hivyo msibishane, ongezeni siku mji mmoja. Hawa wadogo zangu wameweka Paris siku 4, Amsterdam 2, Brussels 2, kwa hiyo ni Ufaransa, hata kama ndege inatua Amsterdam.

Kisha mambo haya:

Kila mtu ana faili lake. Urafiki hauhesabiki. Hoteli ikiwa imeshikwa kwa jina la mmoja, la pili nalo lionekane kwenye karatasi. Mmoja akimlipia mwenzake, iandikwe barua, na taarifa ya benki ya mlipaji iingie mafaili yote mawili.

Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi, ifunike nchi zote za Schengen, kuanzia siku ya kutua hadi ya kuondoka. Tarehe za bima, hoteli na ndege zifanane. Zisomeni kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anaweka tiki. Mimi nafanya hivi kwenye karatasi; kwenye simu macho yanaruka.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Siku 15 ni za kwenye sheria tu, nyinyi nendeni miezi mitatu kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo wekeni oda ya ndege tu, msilipe tiketi.

Viza ikitoka, someni idadi ya siku, siyo tarehe ya mwisho peke yake. Unaweza kupewa mwezi mzima wa kutumia siku 10. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

3. Tiketi. Treni tu. Brussels hadi Paris ni kama saa moja na nusu, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Hizo ndege za bei ya karanga zinazosema "Paris" nyingine zinatua Beauvais, kilomita 85 hivi kutoka mjini.

4. Hela. Kibubu kimoja cha chakula na nauli, mnachangia sawa kila asubuhi. Manunuzi kila mtu na lake.

5. Siku zenyewe. Louvre, makumbusho ya Paris, hufungwa Jumanne. Nyumba ya Anne Frank, makumbusho ya Amsterdam, tiketi ni za mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne kwa ziara ya wiki sita mbele. Mdogo wangu ameshaweka kengele kwenye simu.